Pima Kwanza, Fundi! Mfuko Wangu Si Maabara

Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wasiopenda kelele wapite zao mapema.

Nina Corolla ya mwaka 1998, gia za mkono. Mkweche, naam, umenizidi mwaka mmoja kwa umri. Lakini ni mkweche wangu, nimeununua kwa hela ya uandishi wa habari, na anayejua mishahara ya vyumba vya habari vya Dar es Salaam anajua hilo si jambo dogo. Asubuhi moja bi mkubwa kakaa kiti cha mbele, kadi ya kliniki mkononi, miadi saa mbili. Nikazungusha ufunguo. Ka! Mlio mmoja, kisha kimya. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini haina habari. Mama akaenda hospitali kwa bajaji, huku akiniambia "si neno mwanangu" kwa ile sauti ambayo kila mtoto anajua maana yake.

Fundi wa kwanza hakufungua hata mfuko wake wa spana. Alisikiliza ile "ka" mara moja, akatoa hukumu: "Betri imekufa hiyo, bosi." Shilingi 180,000. Gari likawaka! Nikamsifu mtaa mzima. Siku ya tatu, ka! Fundi wa pili akamcheka sana wa kwanza, halafu naye akafanya yaleyale: "Stata, braza. Hizi gari za zamani ndio ugonjwa wao." Stata ya mtumba 90,000, ufundi 25,000. Gari likawaka! Wiki moja baadaye, ka!

Wa tatu ndiye aliyenitoa jasho. Akasema alternata haichaji. Tukalisukuma gari likawaka, na ili kunithibitishia, akachomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Injini haikuzima. Akasema basi inachaji, ila "kidogo". Jamani! Betri ndiyo godoro la umeme wa gari. Ukiiondoa wakati alternata inasukuma, volti zinaweza kuruka juu ghafla zikaunguza dayodi, kidhibiti cha chaji, hata kompyuta ya injini. Yaani unapima kama mtu anaumwa kwa kumsukuma ngazini.

Hivi hii ni kazi ya ufundi au ramli? Mimi nikimpelekea mhariri habari ya namna hiyo, "nadhani ni waziri huyu, kama siye tutajaribu mwingine kesho", nitaambiwa nikalime. Lakini mtu anabahatisha kwa hela yangu, akikosea tunaambiwa gari ni la zamani.

Wa nne nilipelekwa na rafiki. Mzee mmoja Ilala, miwani puani, mita mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Usizime simu, utaandika namba." Betri ikiwa imetulia: volti 12.5. (Iliyojaa husoma kama 12.6, ya nusu 12.2, chini ya 12 haina kitu.) Akaniambia nipige stata: betri ikabaki 11.4. Ingekuwa mbovu ingeporomoka chini ya 9.6 au hapo karibu. Kwa hiyo betri nzima. Halafu akafanya kitu ambacho watatu wale hawakukifikiria: waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini. "Piga tena." Inatakiwa isome karibu na sifuri, tuseme volti 0.2. Ikasoma 4.1!

Waya wa ethi. Juu plastiki inang'aa, ndani shaba imeoza ikawa unga wa kijani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo utamu ulipo. Kwa nini betri mpya "iliponya" gari? Kwa sababu ukibadilisha betri unaushika waya ule, unaukunja, unakwangua kichwa chake, unakikaza. Nyuzi zilizoachana zinagusana tena kwa siku mbili tatu. Na ukitaka kufungua stata, kitu cha kwanza unachofungua ni waya uleule wa hasi! Mafundi wangu wote wawili walitibu ugonjwa bila kujua, kwa mikono yao, halafu wakasifia dawa isiyohusika. Hawakunidanganya hata. Waliamini kabisa. Hilo ndilo linalotisha zaidi kuliko utapeli.

Fundi wa pili hata "alipima", kwa ile taa yenye sindano. Ikawaka, akasema umeme unafika. Unafika, ndiyo. Kitaa kile kinakula chini ya ampea moja, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unakiwasha. Stata inataka ampea 150 hivi. Zidisha kwa ukinzani mdogo wa 0.03, unapata volti 4.5 zilizoishia njiani. V = IR. Tuliikariri sekondari, tukaijibu kwenye mtihani, tukaitupa. Mimi mwenye digrii nilisimama mara tatu pembeni ya boneti wazi nikitoa pochi, na sikuuliza hata mara moja: umejuaje?

Na hapa msinikimbie wasomaji wangu, maana zamu yetu imefika. Yule mzee alitaka 15,000 ya kupima tu, kabla hajagusa spana. Nikashtuka! Nikaanza kubembeleza ipungue! Mtu niliyekwisha kutoa karibu laki tatu bila kukohoa, kwa sababu nilipewa kitu kizito cha kubeba mkononi. Hatutaki kulipia akili, tunataka kulipia chuma. Fundi naye si mjinga. Akijua kupima hakumlipi, atakula kwenye cha juu cha spea, na cha juu hakipatikani kwenye waya wa ethi wa 12,000. Msiniambie vifaa ni ghali. Mita yangu nimeinunua Kariakoo kwa 25,000, bei ya kumfungia yule bwana stata yake.

Gari linawaka sasa, mwezi wa pili huu. Betri ya zamani niliirudisha kwa mzee akaichaji na kuipima: nzima. Ipo sebuleni, mama kaifunika kitambaa. Stata yangu ya mwanzo niliiacha kwa fundi wa pili, aliyeniambia, "Achana nayo hiyo, chuma chakavu." Kwa hiyo kama mwezi uliopita umeuziwa stata ya mtumba ya Corolla na inapiga vizuri kabisa, salamu zake. Huenda ni ya kwangu.