Bangi na akili za vijana wetu: tuseme ukweli, tusitishe tu



Siku za giza, mwezi unapokuwa haujatoka, vijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika huingia majini na taa zao kuvua dagaa mpaka alfajiri. Hapa Kipili kila mzazi anajua kuwa kazi ile ina baridi, usingizi na woga. Anajua pia kuwa wako wanaodai kwamba msokoto wa bangi ndiyo dawa ya vyote vitatu.

Sisi wazazi tunawajibuje? Mara nyingi kwa neno moja: "Utakuwa kichaa!" Kijana anawatazama wenzake waliovuta miaka mingi na hawaokoti makopo, kisha anatuona waongo. Akishatuona waongo katika hilo, hatusikilizi hata tunapomweleza kuwa ni haramu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapompoteza. Basi tumwambie yaliyothibiti. Nayo yanatosha kumzuia mwenye kuzingatia.

Mwaka 1964 wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga kemikali ya bangi inayolevya, iitwayo THC. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishika navyo, kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1992 ikajulikana kuwa mwili wenyewe hutengeneza kemikali ya kufungua kufuli hizo, kidogo kidogo, mahali na wakati inapohitajika. Hiyo ni mizani aliyoiweka Allah (s.w.). Mvuta bangi huivuruga kwa mkono wake.

Vipokezi hivyo viko kwa wingi katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu na uwiano wa viungo. Ndiyo maana aliyevuta husahau alichoambiwa sasa hivi, huyumba, na hukosea kukadiria muda. Kijiweni hayo ni kichekesho. Usiku katikati ya ziwa, upepo ukigeuka, ni roho za watu wote waliomo mtumbwini.

Na wazimu je? Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, kwa muda wa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, yaani ugonjwa mzito wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Zilipohesabiwa sababu nyingine, tofauti ilipungua lakini haikutoweka. Wengi wa wavutaji hawakuugua. Huo ni ukweli. Lakini hakuna aliyejua kabla nani ataugua. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeanza akiwa mdogo, kwani ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili.

Isitoshe, nguvu ya bangi imeongezeka. Miaka ya karibuni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata skanka, bangi yenye THC nyingi mno. Nchi za nje ziko pia kemikali za maabara zinazoiga bangi, baadhi zilizobuniwa na John W. Huffman wa Marekani kwa ajili ya utafiti tu. Wafanyabiashara wakazigeuza kuwa kilevi, na watu wakapata degedege na wengine wakafa.

Husemwa kuwa bangi ni majani tu na haikutajwa kwa jina. Ndugu yangu, wanazuoni walikwishalijibu hilo karne nyingi zilizopita. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliiharamisha hashishi, ambayo ni bangi hiyo hiyo, na Imamu az-Zarkashi akaitungia kitabu. Walitazama inachoifanyia akili, na kuihifadhi akili ni moja ya makusudio matano ya sharia.

Sasa nakugeukia wewe baba na mama. Kijana wako akianza kusikia sauti, kukesha bila usingizi, au kumshuku mama yake kuwa anataka kumdhuru, usimfunge kamba wala usimfukuze. Usipoteze miezi ukitafuta nani amemroga. Msomee dua, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, iwe Namanyere au Sumbawanga, umweleze daktari bila kuona haya kwamba alikuwa akivuta. Ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika vizuri zaidi. Aibu yetu ndiyo inayouchelewesha.

Na ambaye bado hajaugua, kaa naye leo kabla hajaenda mwaloni. Mweleze kwa upole, bila kutia chumvi. Akili ni amana, naye ataulizwa juu yake, na sisi tutaulizwa juu yake yeye.

Wabillahi tawfiiq.