Je, Mungu Amewahi Kufiwa?



Mwezi huu tunawaomba mwepue sufuria kidogo na kuketi nasi, maana tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu huwaachia wachungaji, yaani uungu wa Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi si wachungaji. Sisi ni wauguzi, na kazi ya kanisani tunaifanya kwa kujitolea. Lakini swali lenyewe halikutujia kanisani. Lilitujia wodini.

Ilikuwa zamu ya usiku, miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja aliletwa kwa baiskeli kutoka kijiji cha mbali hapa Kishapu, amempakata mwanawe wa miaka mitatu mwenye degedege. Malaria ilikuwa imekwisha kummaliza damu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Mtoto alikuwa na hirizi mbili shingoni, na mama alikuwa na msalaba mdogo shingoni mwake. Walipita kwanza kwa mganga, wakapita kwa mwombaji, na siku ya tatu ndipo wakafika kwetu. Kabla jogoo hajawika mtoto alikuwa amefariki.

Tukamwambia yule mama kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tukamtajia na habari za Ayubu, jinsi alivyofiwa na watoto wake wote. Alitutazama kwa macho makavu.

“Nesi,” akasema, “sikuulizi habari za Ayubu. Huyo Mungu mwenyewe, amewahi kufiwa?”

Tulinyamaza. Tukashika shuka tukaanza kulikunja, kama afanyavyo mtu asiye na jibu. Muuguzi hujifunza kuficha uso wake kwa kazi ya mikono. Alfajiri walimfunga mtoto katika kanga, wakaondoka.

Tuliokuwa shule ya msingi miaka ya 1990 tunaikumbuka mihadhara ya dini iliyofanyika viwanjani katika miji mingi ya Tanzania. Vipaza sauti viwili juu ya mti, meza, na vitabu vyenye vipande vya karatasi kati ya kurasa. Wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi wakionyesha kwamba Yesu hakuwa Mungu. Vijitabu vya Ahmed Deedat wa Durban, Afrika Kusini, vilipita mikononi mwa watu. Wakristo nao wakapanga mihadhara yao ya kujibu. Watu walipiga makofi pande zote mbili, na jioni kila mmoja alirudi nyumbani na alichokuja nacho. Wala si jambo jipya. Askofu Gregori wa Nisa, mwishoni mwa karne ya 4, alilalamika kwamba katika jiji la Konstantinopoli ukienda kununua mkate au kuvunja pesa, muuzaji anakuanzishia hoja juu ya Baba na Mwana badala ya kukutajia bei.

Ndugu zetu Waislamu tunafanya nao kazi zamu moja, tunapokezana dawa na chai. Wao wanamheshimu Isa, wanakiri kwamba ni Masihi na kwamba alizaliwa na bikira. Ila kwao, kumwita Mwana wa Mungu ni kumwekea Mungu mshirika. Tuseme wazi kwamba hakuna Mkristo anayefundisha kuwa Mungu alioa akapata mtoto. Hatutaki kurudisha mhadhara katika ukurasa huu. Tunataka kujua sisi wenyewe tunaamini nini, maana yule mama alikuwa Mkristo mwenzetu, na aliuliza swali ambalo sisi wenye msalaba tulishindwa kulijibu.

Tulipolipeleka swali hilo katika kikundi chetu cha akina mama, bibi mmoja alitukata kauli mapema. Sisi tulikuwa tumeanza na miujiza: Yesu alituliza bahari, alimfufua Lazaro, aliukausha mtini kwa neno (Mt. 21:19). Bibi akacheka. “Na Ng'wana Malundi je? Naye si alikausha miti kwa kuinyoshea kidole?”

Kwa wasomaji wa mbali, Ng'wana Malundi ni mcheza ngoma na mtu wa maajabu aliyevuma Usukuma nzima enzi za Wajerumani na baada yao. Habari za miti iliyokauka kwa kidole chake husimuliwa mpaka leo. Hata hivyo hatujamsikia Msukuma aliyemwita Liwelelo, jina ambalo wazee wetu walimwitia Muumba. Bibi alikuwa na haki. Elisha naye alimfufua mtoto (2 Fal. 4), na hakuna anayemwabudu Elisha. Kwa hiyo miujiza peke yake haitoshi.

Wala kujitangaza hakutoshi. Mwaka 2023 magazeti ya Kenya yalijaa habari za mtu wa Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, anayejiita Yesu. Polisi walimwita wakamhoji. Ingekuwa mtu anakuwa Mungu kwa kusema tu, tungekuwa na miungu mingi barabarani.

Ni kitu gani basi kilichowafanya watu wa kwanza waseme hivyo juu ya Yesu? Hapa, akina mama, tusome polepole, maana ndipo penye uzito.

Watu wale walikuwa Wayahudi. Hakuna taifa lililofundishwa kwa ukali kama hilo kwamba Mungu ni mmoja na hana mfano. Walikaririshwa hivyo asubuhi na jioni tangu utoto. Si watu ambao wangempa uungu jirani yao fundi seremala kwa sababu ya mkate na samaki. Na walijua kukataa ibada isiyowahusu. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua akasema yeye pia ni mwanadamu (Mdo. 10:26). Kule Listra watu walipoleta ng'ombe wa kuwatambikia Paulo na Barnaba, hao wawili waliyararua mavazi yao kwa uchungu (Mdo. 14). Lakini Tomaso alipomwita Yesu Bwana wake na Mungu wake (Yn. 20:28), Yesu hakumwinua, hakurarua vazi, hakumkemea. Aliipokea imani ile.

Tena kuna habari ya yule aliyepooza katika Marko sura ya 2. Kabla ya kumponya, Yesu alimwambia kwamba dhambi zake zimesamehewa. Waandishi walishtuka, na walishtuka kwa haki. Chukueni daftari la madeni la dukani kwetu. Mpita njia akiingia, akachukua kalamu, akafuta deni lako la sukari na sabuni, mwenye duka atamfukuza. Anayefuta deni ni yule anayedai mali yake. Waandishi walilielewa hilo vizuri kuliko wengi wetu: ama mtu huyu anakufuru, ama daftari ni lake.

Wako wanaosema kwamba uungu wa Yesu ulibuniwa mwaka 325 katika Mtaguso wa Nikea, chini ya Kaisari Konstantino, maaskofu wakapiga kura. Tukisikia hivyo huwa tunawakumbuka wanawake wawili. Karibu mwaka 112, gavana Mrumi aitwaye Plinio, aliyetawala Bithinia, sehemu ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajano kuuliza awafanyie nini Wakristo. Alieleza kwamba hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Ili apate hakika, aliwatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa wahudumu wa kanisa. Hakuandika majina yao. Hakuandika kama walipona. Alichoandika ni kwamba hakupata kwao ila kile alichokiita ushirikina uliopita kiasi. Na mji wa Nikea ulikuwa ndani ya Bithinia ile ile! Maaskofu walipowasili pale miaka 213 baadaye, waliikuta imani ambayo wanawake wale, watumwa wasio na jina, walikuwa wamekwisha kuiteswa. Wenzetu wanaofagia kanisa Jumamosi na kudhani kwamba mafundisho ni kazi ya wenye majoho wasome habari hiyo mara mbili.

Ugomvi uliopelekwa Nikea ulianza kwetu Afrika, katika mji wa Aleksandria, Misri. Padri Ario, ambaye asili yake ilikuwa Libya, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Alitunga hata nyimbo, nazo zikaenea kwa mabaharia na wasaga nafaka. Waliompinga, miongoni mwao Atanasio, wakati huo shemasi kijana, walisema Mwana ni wa asili moja na Baba. Baadaye Atanasio akawa askofu wa Aleksandria, na kwa ajili ya neno hilo alifukuzwa mjini mara 5. Mwaka 2025 Wakristo duniani waliadhimisha miaka 1,700 ya mtaguso huo.

Baadaye wakatokea wapatanishi waliosema: kwa nini tugombane? Tuseme tu kwamba Mwana *anafanana* na Baba. Mtu wa mbali anaweza kuona kwamba huo ni ugomvi wa neno moja. Lakini sisi tunaishi na Mwadui na Maganzo. Nani hapa Kishapu asiyejua tofauti ya almasi na kitu kinachofanana na almasi? Kipande cha kioo hung'aa juani mpaka mtu akakimbia nacho kwa mnunuzi, moyo ukimdunda, na mnunuzi akakirudisha bila hata kuinuka kitini. Jiwe la waridi lililookotwa Mwadui mwaka 1947, ambalo Dakta Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka huo, halikuwa kitu kinachofanana.

Basi wenye mihadhara huuliza: kama ni Mungu, mbona aliona njaa? Mbona alichoka akaketi kisimani (Yn. 4:6), akalia kaburini kwa rafiki (Yn. 11:35), akasema kwamba siku ya mwisho haijui (Mk. 13:32)? Tusiikwepe mistari hiyo wala kuifunika kwa mkono. Imo, na Kanisa halikuifuta. Kanisa linafundisha kwamba ni Mungu kweli na mtu kweli. Hakujifanya mtu, kama mgeni anayevaa kanga ya kuazima.

Na jambo hilo limewakwaza hata wakubwa. Inasimuliwa kwamba Nestorio, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alisema hawezi kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu. Sisi tunaopima watoto kliniki tunamwelewa kabisa! Mtoto wa miezi miwili tunamjua: shingo bado haijakaza, anacheua maziwa begani kwako, hawezi kufukuza nzi. Lakini Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ulikataa maneno ya Nestorio, ukasema Mariamu aitwe Mzazi wa Mungu. Kwa Waprotestanti wengi jina hilo ni zito mdomoni, na hatuwalazimishi. Ila halikutungwa kwanza kwa ajili ya kumkweza Mariamu. Lilitungwa kwa ajili ya yule mtoto, ijulikane ni nani aliyekatwa kitovu kule Bethlehemu.

Turudi wodini. Wazee wetu walisema Liwelelo yupo, ila yuko mbali, kwa hiyo mwenye shida hupitia kwa masamva, yaani mizimu ya babu zake. Wengi wetu tulibatizwa lakini tukabaki na ramani ile ile, tukampanga Yesu katika foleni: mganga, mwombaji, Yesu, hospitali, yeyote atakayewahi. Yule mama alikuwa amepitia foleni yote. Kama Yesu ni mjumbe tu, hata aliye bora kuliko wote, basi jibu la swali lake lilikuwa: hapana, mama, Mungu hajawahi kufiwa, alimtuma mwingine aende akaumie. Lakini kama yule aliyetundikwa ni wa asili moja na Baba, jibu ni ndiyo. Kanisa halikusema kwamba Baba alikufa. Lilisema Mwana alikufa, katika mwili alioutwaa kwa Mariamu. Na Baba alikuwa Baba yake.

Hayo tulipaswa kumwambia usiku ule, na kwa maneno machache kuliko haya.

Tulikutana naye tena, baada ya miaka minne, kliniki ya watoto. Alikuwa na binti wa miezi mitano mgongoni. Hakuwa na hirizi, hatukuuliza. Tulimwambia kwamba swali lake tulilibeba, tukamweleza kama tulivyoweza, foleni ya akina mama ikinung'unika nyuma yake. Alisikiliza huku akifungua mbeleko.

“Na mama yake alikuwepo?” akauliza.

Tukamwambia alikuwepo, alisimama karibu na msalaba mpaka mwisho.

“Baada ya hapo alikwenda wapi? Mimi baada ya mazishi walinirudisha kwetu.”

Tukamwambia kwamba Yesu mwenyewe, akiwa bado msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake, na tangu saa ile huyo mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake (Yn. 19:27).

Alifikiri kidogo. “Alimkumbuka,” akasema. Kisha akamvua mtoto nguo, akamweka kwenye mzani.