"Malaika" Si Wimbo wa Kupigia Makofi

Juzi kwaya yetu ilialikwa kuimba katika arusi moja hapa Manga. Bibi arusi alipoingia tu, ngoma zikarindima, nasi tukaanza "Malaika" kwa kasi, makofi mtindo mmoja, akina mama wakipiga vigelegele. Nami nilikuwamo, sauti ya tatu, kwa hivyo lawama ni yangu pia. Lakini tukirudi shuleni nilijiuliza: jamani, kwani tulisikia maneno tuliyokuwa tukiimba?

Anayeimba pale ni mwanamume aliyeshindwa kuoa. Anampenda msichana, mahari hana, basi amebaki kumwita malaika tu. Sasa wimbo wa arusi iliyoshindikana tunauimbaje kwenye arusi yenyewe? Ni kama kumpongeza aliyepita mtihani kwa kilio cha aliyeanguka.

Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku zake za Jambo Boys. (Wapo wanaodai mtungaji ni Adam Salim wa Tanzania. Kesi hiyo siiwezi.) Hebu usikilize ule wa zamani: magita hayana haraka, na jamaa anaimba kama anayejisemea peke yake. Baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika sahani yao ya mwaka wa 1965 huko Marekani, Boney M nao wakautoa mwaka wa 1981, na mahotelini pwani watalii wakawa wanapigiwa wakinywa soda zao. Huzuni ikapotelea njiani.

Kwetu Gusii jambo hili halihitaji mkalimani. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe haokotwi barabarani. Binamu yangu alimpenda msichana wa ng'ambo ya kilima cha Manga kwa miaka minne. Alichuma chai katika mashamba ya watu, akadunduliza, akapata ndama mmoja. Mmoja tu! Desemba iliyopita msichana akaolewa kwingine. Wimbo uliopigwa siku hiyo kwenye vipaza sauti ulikuwa huo huo, na binamu yangu alikuwa pale pale akipanga viti, maana kijiji ni kimoja.

Mwalimu wa kwaya ameuchagua tena kwa Siku ya Wazazi. Sipingi. Ombi langu, mwalimu, ngoma zibaki stoo, mtu mmoja apige gita, tuuimbe polepole. Binamu yangu ameahidi kuja.