Mkeka wa Yoga Haufuti Deni la Chuo

Mwezi uliopita nilizunguka Kilosa na Mikumi kukagua wanafunzi wangu walio katika mafunzo kwa vitendo. Fomu ya ukaguzi huuliza mahudhurio, nidhamu na utunzaji wa kitabu cha kumbukumbu. Haina mahali pa kuuliza kama mwanafunzi analala.

Kilosa mjini, binti mmoja alinieleza kwamba fedha za mafunzo hazijamfikia, kodi ya chumba anadaiwa, na kwa majuma matatu anashtuka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio. Nikamuuliza amemwambia nani. Akajibu, “Dokta, chuo kilitutumia video ya yoga.”

Sina ugomvi na yoga. Mikumi nilimkuta kijana anayefanya mazoezi hayo kila alfajiri, naye anasema yanamtuliza. Namwamini. Kuvuta pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo, na tafiti zimeonesha kwamba yoga yaweza kupunguza msongo na wasiwasi. Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikiwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini tangu 2007, na baadhi yao wamekuwa walimu wanaolipwa. Lakini tazameni tofauti: kule kuna mwalimu, kuna kundi, kuna riziki. Kwetu kuna video, na intaneti ya kuitazamia ananunua mwanafunzi mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Chuo kinapompa mkeka mtu anayedai fedha zake, kinamwambia kwamba kasoro imo kifuani mwake. Bumu likichelewa, avute pumzi. Matokeo yakipotea, avute pumzi. Akikaribia kudisko, avute pumzi tena. Aliyesababisha dhiki anageuka mfadhili, na mwenye dhiki anageuka mzembe asiyefanya mazoezi.

Wapo viongozi wa dini wanaoipinga yoga kwa kuwa asili yake ni ibada za India. Asili hiyo ni kweli, na mwanafunzi anayeikataa kwa imani yake anastahili heshima sawa na anayeikubali. Basi huduma ya afya ya akili haiwezi kusimama juu ya mkeka ambao nusu ya darasa huenda wasiukanyage.

Tena kuna maumivu ambayo mazoezi hayayafikii. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Huo ndio umri wa madarasa yetu. Na nchini kwetu kifungu cha 217 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nani atafungua kinywa mbele ya mshauri iwapo anaogopa polisi? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo nchini humo kinakiuka katiba. Sisi tunangoja nini?

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma: fedha za mafunzo zimfikie mwanafunzi kabla hajapanda basi. Kwa wakuu wa vyuo: ajirini washauri wenye taaluma, wanaopatikana kwa simu hata na aliyeko Kilosa, na tangazeni kila mmoja anahudumia wanafunzi wangapi. Kwa wanaharakati: kifungu cha 217 kifutwe. Kwenu wanafunzi: anayependa yoga na aifanye, ila asiipokee kama malipo ya haki yake.

Nami sijitoi. Kwa miaka mingi nimetia saini fomu ile bila kuuliza swali ambalo halikuandikwa. Safari hii nilimsindikiza yule binti hospitalini, kisha kwa idhini yake nikaandika pembeni mwa fomu kwamba halali na kwamba hajalipwa. Fomu imerudishwa mezani kwangu, naagizwa niijaze upya “bila maelezo yasiyohusika.”

Sijaijaza upya, wala sitaijaza.