Ridhaa ya mshiriki ndiyo mtihani mkubwa katika majaribio ya chanjo

MZAZI anayempeleka mtoto mgonjwa katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi huingia katika ua ambamo tiba na utafiti vimekaa bega kwa bega tangu 1989, mwaka ambao Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) ilianzisha kituo chake huko kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Machoni pa mama huyo, anayemtibu mwanawe na anayemwomba aruhusu mwanawe aingizwe katika utafiti ni watu wamoja: wote ni madaktari. Wataalamu wa masuala ya jamii waliochunguza jambo hili Kilifi katika miaka ya 2000 walibaini kuwa wazazi kadhaa waliotia sahihi fomu za ridhaa walidhani wamekubali matibabu bora, wala si utafiti.

Usajili wa washiriki huzungumziwa sana kama suala la idadi: wangapi wanahitajika, wangapi wamepatikana, wangapi wamejitoa. Lakini idadi huficha swali lenye uzito zaidi. Aliyesema "ndiyo" alikuwa amekubali nini hasa?

Chukua mfano wa chanjo ya malaria ya RTS,S. Awamu ya tatu ya majaribio yake ilipoanza Mei 2009, ilisajili watoto 15,459 katika vituo 11 vya mataifa saba ya Afrika. Kenya ilitoa vituo vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Baadhi ya watoto walidungwa chanjo yenyewe, na wengine wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa au ya homa ya uti wa mgongo ili matokeo yalinganishwe. Nani apewe ipi liliamuliwa kwa bahati nasibu, na mzazi hakuelezwa. Si kazi rahisi kumfafanulia mama wa kijijini kwamba hata daktari hatakiwi kujua mtoto yupi amepata nini. Katika mazingira ambayo mganga husifiwa kwa kujua, daktari anayekiri kutojua huonekana ama anaficha jambo ama hajahitimu.

Na palipo na fumbo, uvumi hupata nafasi. Pwani ina masimulizi ya kale ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao na kuziuza. Haikushangaza basi kwamba watafiti wanaotoa damu kwa sindano walihusishwa na masimulizi hayo, na hata na ibada za shetani. Ni kosa kuwacheka wanaoamini hivyo. Uvumi huo umebeba swali la haki kabisa: damu yetu inakwenda wapi, na nani anafaidika? Kituo cha Kilifi kilijibu kwa kuunda mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini, ambao kazi yao ni kupeleka habari pande zote mbili. Hatua hiyo ilisaidia, ingawa mwakilishi anayelipwa marupurupu na watafiti huishia kushukiwa kuwa mtu wao.

Hofu hiyo ilipata kuni mpya Aprili 2020, wakati madaktari wawili wa Ufaransa walipozungumza katika runinga kuhusu uwezekano wa kufanyia Afrika majaribio dhidi ya Covid-19. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huo, KEMRI ilitangaza majaribio ya chanjo ya Oxford na AstraZeneca papo hapo Kilifi, yakilenga watu wazima 400 na kuanza na wahudumu 40 wa mstari wa mbele. Uamuzi wa kuanza na wahudumu ulikuwa wa busara. Kando na kwamba walikuwa hatarini zaidi, jamii iliona wenye kuujua utafiti wakitangulia kunyoosha mikono yao.

Ipo pia fedha. Kanuni huruhusu mshiriki arudishiwe nauli na kufidiwa muda wake, lakini zakataza malipo yanayoweza kumshawishi akubali hatari ambayo vinginevyo angeikataa. Mstari huo ni mwembamba. Kati ya 2016 na 2018, watu wazima wapatao 160 walijitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi huko Kilifi, wakalazwa chini ya uangalizi na kutibiwa, ili kinga yao ichunguzwe. Fidia yao iliibua mjadala mkali. Kwa kijana asiye na kibarua, ujira wa siku kadhaa bila jembe si fidia tu, ni kipato. Hata hivyo, wanaotaka fidia iondolewe kabisa husahau kwamba maskini anayetumia siku zake bure kwa ajili ya sayansi ndiye anayedhulumiwa zaidi.

Gharama ya usajili uliokosa ukweli ilionekana Bondo. Utafiti wa FEM-PrEP, uliojaribu tembe za kuzuia virusi vya Ukimwi kwa wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisitishwa 2011. Takriban wote walisema wanameza tembe kila siku. Vipimo vya damu vikaonyesha kuwa chini ya asilimia 40 ndio waliokuwa wamezimeza karibuni. Wanawake hao walifika kliniki, wakahesabiwa, wakapimwa, wakatibiwa magonjwa mengine bila malipo. Dawa yenyewe ndiyo hawakuihitaji, kwani wengi hawakujiona kuwa hatarini. Utafiti uliojaa washiriki ukashindwa kujibu swali ulioundiwa.

Lakini mgogoro unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ulitokea baada ya majaribio kwisha. Awamu ya tatu ya RTS,S ilionyesha kinga ya asilimia 36 kwa watoto wa miezi mitano hadi 17 waliopata dozi nne. Pia iliacha maswali: homa ya uti wa mgongo ilijitokeza zaidi miongoni mwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa. Ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza mpango wa majaribio nchini Ghana, Malawi na Kenya. Hapa ulizinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 13, 2019, na kuhusisha maeneo teule ya kaunti nane za magharibi. Maeneo ya kutoa chanjo na ya kusubiri yalichaguliwa kwa bahati nasibu, kama ifanyikavyo katika utafiti.

Mama hakuombwa kutia sahihi. Kufika kwake kliniki kulihesabiwa kuwa ridhaa, kama ilivyo kwa chanjo ya surua. Mapema 2020 wataalamu wa maadili walilalamika katika jarida la BMJ kwamba huo ulikuwa utafiti kwa jina jingine na kwamba wazazi walistahili kuelezwa hatari zilizokuwa zinachunguzwa. WHO ilijibu kuwa ni utoaji wa chanjo iliyokwisha kupitishwa na mamlaka za dawa za mataifa husika.

Baadaye takwimu zilitoa hakikisho: hatari zile hazikuthibitishwa, WHO ikaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na tathmini ya 2023 ikaonyesha vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Ufanisi huo hauwezi kutumiwa kufuta lalamiko. Wazazi wa 2019 walifanya uamuzi wao kabla ya takwimu za 2021 kuwapo, na wakati huo wakuu wa afya walijua kwamba kuna swali halijajibiwa. Kama lingeelezwa kwa Kidholuo au Kiluhya rahisi, huenda baadhi wangekataa. Kukataa huko ndiko kunakolipa neno ridhaa maana yake.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani tangu 1964, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024 na sasa linawaita watu hao washiriki. Miezi mitatu baadaye, Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha ufadhili wa shirika lake la USAID, na majaribio kadhaa yakakatizwa katikati. Nchini Afrika Kusini, wanawake waliokuwa wakijaribu kifaa cha kuzuia Ukimwi waliachwa kikiwa bado mwilini. Kamati za maadili nchini, ambazo huidhinisha kila fomu kabla ya mtu wa kwanza kusajiliwa, sasa zina sababu ya kudai aya moja zaidi katika fomu hizo: mfadhili akiondoka kesho, ni nani atakayemtunza aliyekwisha kudungwa.