Sora Hayumo Kitabuni

Katika kikao kimoja cha kukagua tasnifu nilisikia hukumu ambayo tangu siku ile haijaniacha. Mwanafunzi alikuwa ameandika sura nzima juu ya Sora, kijana mtawa wa Hekalu la Moto katika Naruto: Shippuden, akamlinganisha na Naruto mwenyewe. Mkaguzi mmoja aliamuru sura hiyo iondolewe, kwa kuwa Sora hayumo katika kitabu cha Masashi Kishimoto. Ati amebuniwa na watengenezaji wa katuni ili kujaza muda. Hakusema kuwa sura ilikuwa dhaifu. Hakudai kuwa alikuwa ameitazama hadithi yenyewe. Sura ikaondolewa. Nami nilikuwamo kikaoni nikanyamaza, na makala haya ni malipo ya ukimya ule.

Msomaji asiyezijua hadithi hizi yafaa apewe mwanga kidogo. Naruto, hadithi ya mvulana yatima anayetaka kuwa mkuu wa kijiji cha maninja, ilianza mwaka 1999 kuchapishwa juma kwa juma kwa namna ya hadithi ya picha ambayo Wajapani huiita manga (wala haina undugu na Manga ya wazee wetu, ile ya ng'ambo ya bahari), ikakoma mwaka 2014 baada ya sura 700. Tangu Oktoba 2002 studio ya Pierrot iliigeuza kuwa katuni ya televisheni, nayo pia ikatoka juma kwa juma. Hapo ndipo penye mkasa. Sura moja ya kitabu ina kurasa zisizozidi ishirini hivi; kipande kimoja cha televisheni aghalabu humeza sura mbili. Mlaji akila maradufu ya anachovuna mkulima, hana budi kuikuta ghala tupu. Ilipokuwa tupu, watengenezaji hawakuthubutu kuiacha nafasi yao ya hewani, wakatunga vya kwao: kuanzia kipande cha 143 hadi cha 219 cha mfululizo wa kwanza, karibu vyote si vya kitabu. Watazamaji huviita visa vya kujazia, na wanafunzi wetu wana orodha za namba za kuruka, wanazopeana kwa uaminifu kuliko wanavyopeana vitabu.

Sitetei visa vyote hivyo. Vingi ni maji yaliyoongezwa katika mchuzi baada ya wageni kuzidi, na mtu mwenye ulimi huonja akajua. Lakini huonja kwanza. Mkaguzi wetu hakuonja. Aliuliza mpishi ni nani.

Basi na tuonje. Kisa cha Sora, vipande 18 vilivyoonyeshwa mwaka 2008, kinaanza kwa makaburi kufukuliwa. Wazikwa walikuwa miongoni mwa Walinzi Kumi na Wawili wa bwana mkubwa wa Nchi ya Moto, ambao zamani waligawanyika wakauana. Katika kitabu walinzi hawa hutajwa kwa maneno machache tu, kwa sababu Asuma, mwalimu mvuta sigara, alikuwa mmoja wao. Watengenezaji waliyachukua maneno hayo machache wakauliza swali ambalo kitabu hakikuuliza: je, aliyewaua wenzake kwa jina la amani hulala vipi? Sora amekua akiamini kuwa Asuma alimwua babaye, Kazuma. Baba yu hai. Na ni yeye aliyetia ndani ya mwanawe mabaki ya nguvu za Mbweha wa Mikia Tisa, yule yule aliyemo ndani ya Naruto. Naruto anamkuta mwenzake katika balaa, naye ndiye wa kwanza kumchukia. Muda mfupi baada ya kisa hiki Asuma anauawa, na mimi nathubutu kusema kuwa kifo hicho chamwuma zaidi mtazamaji aliyemwona kwanza akisimama mbele ya mtoto wa Kazuma.

Watasema: lakini si maneno ya mtunzi. Sawa. Basi tuwe wakweli mpaka mwisho, tumtoe Aladini katika Alfu Lela Ulela. Hati ya Kiarabu aliyokuwa nayo Galland haina Aladini hata kidogo. Mfaransa huyo alisimuliwa kisa hicho mjini Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, Mshami wa Halab, akakitia katika tafsiri yake, pengine naye akitafuta cha kujazia jalada. Sijamwona profesa aliyemwamuru mtoto akiruke. Na sisi tunaokaa na tendi zilizonakiliwa na mikono mingi, tunaosikia ngano ambazo kila bibi huongeza ya kwake, tumejifunza wapi kudharau nyongeza kwa sababu tu ni nyongeza?

Aibu ya kisa hiki iko kwingine, na ajabu ni kwamba mkaguzi hakuigusa. Kisa cha kujazia kimekatazwa kuacha alama. Kikishindana na kitabu kitaaibika kesho, kwa hiyo hurudisha kila kitu mahali pake, kama mgeni aliyekula, akaosha sahani, akaondoka bila kuaga. Sora anapelekwa safarini, na hadithi kuu haimwulizi tena. Kundi la Akatsuki hupita nchi nzima likiwinda watu waliotiwa nguvu za mazimwi kama huyo Mbweha. Kijana huyu hawamfikirii. Kosa hilo ni la biashara ya kila juma, wala si la mkono uliobuni. Dawa yake imejulikana: My Hero Academia ilianza mwaka 2016 kwa vipande 13, kisha ikapumzika hadi mkulima alipovuna tena. Lakini tangu dawa hiyo ienee sijaona tena watengenezaji wakipewa miezi minne kuuliza swali lao wenyewe, nami nalisikitikia hilo, japo najua nitachekwa.

Nakala ya sura ile ninayo. Ukurasa wake wa mwisho unauliza kwa nini Akatsuki hawakumtafuta Sora, na ni nani aliyenufaika kwa yeye kusahauliwa. Kikaoni swali hilo halikusomwa.