Chuma Kile Kile

Nilimdanganya mjukuu wangu, na uongo wenyewe niliuziwa langoni kwa fedha taslimu. Natanguliza jambo hili ili msomaji ajue mapema kwamba anayeandika hapa ana kinyongo.

Nilikuwa nimekwenda Marekani kumwona binti yangu, ambaye ameolewa na anaishi huko. Hiyo ilikuwa safari yangu ya pili. Katika safari ya kwanza, miaka 2 kabla yake, tulimpeleka mtoto kwenye bustani moja ya burudani, ambayo jina lake nitalihifadhi, tukapanda pamoja rolakosta, yaani vile vigari vya reli vinavyovutwa juu kupita minazi kisha vikaachiwa viporomoke na roho za watu mikononi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 9. Safari hii ya pili tukakuta mabango barabarani, makubwa kama kuta za nyumba, yakitangaza mchezo mpya: jina jipya, rangi mpya, picha ya zimwi linalotema moto. Nikamwambia mjukuu wangu kwa kifua mbele, "Leo babu yako atakupandisha kitu ambacho hujapata kukipanda." Kule kwetu mtu mzima akimwahidi mtoto kitu, ameahidi.

Tulisimama kwenye foleni saa moja na nusu, juani. Tukaketi, tukafungwa mikanda, gari likaanza kupanda. Tulipokuwa karibu na kilele, mtoto akageuza uso akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa, "Babu, hii ni ile ile. Tukishuka itakata kushoto kwa nguvu. Shika kichwa." Ikashuka, ikakata kushoto kwa nguvu. Nami sikuwahi kushika kichwa.

Tulipotoka hakulalamika. Aliniuliza tu, "Lakini si ulisema ni mpya?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lile bado linanikera kuliko pigo lenyewe la shingo.

Baadaye nilikaa nikasoma juu ya biashara hii, kwa ukaidi wa kizee. Kwanza nilitaka kujua mtoto aliwezaje kuitambua kabla hata haijashuka. Jibu ni rahisi. Rolakosta nyingi hazina injini ndani ya magari yake. Mnyororo huvuta magari hadi juu, na ule mlio wa tak-tak-tak unaousikia wakati wa kupanda ni wa kabari za usalama zinazozuia gari lisirudi nyuma. Baada ya kilele, kazi yote ni ya uzito wa gari lenyewe na umbo la reli. Mwinuko, mteremko, kona, mzingo, mahali tumbo linapobaki nyuma na mahali shingo inapovunjika: vyote vimo ndani ya chuma, vilipimwa na mafundi siku chuma kilipokunjwa. Mwili wa aliyewahi kupita hapo hausahau. Hakuna rangi wala kibao kinachoweza kuhamisha kona hata kwa inchi moja. Kwa hiyo anayekuuzia reli ile ile kwa jina jingine anakuuzia kilemba tu, kichwa ni kile kile.

Na si bustani moja. Chukua ile ya Six Flags Great Adventure, huko New Jersey. Mwaka 1999 ilifungua rolakosta iitwayo Medusa, kazi ya mafundi wa Uswisi, yenye magari yasiyo na sakafu, ya kwanza ya aina yake duniani, inayompindua mtu kichwa chini mara 7. Hicho kilikuwa kitu kipya kwelikweli, na heshima yake naitoa. Mwaka 2009 ikageuzwa jina ikawa Bizarro, yule kiumbe wa vitabu vya katuni aliye nakala ya Superman iliyokwenda kombo. Ikapakwa rangi, ikawekewa muziki kwenye magari na ndimi za moto kando ya reli. Mapinduzi yakabaki 7. Mwaka 2022 ikarudishwa jina la Medusa. Huko Massachusetts, bustani nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa na rolakosta ya mwaka 2000 yenye jina la Superman. Nayo mwaka 2009 ikaitwa Bizarro, na mwaka 2016 ikarudi kuwa Superman. Majabali mawili ya chuma yalibatizwa jina moja mwaka mmoja, kisha yote mawili yakarudia majina ya ukoo. Kama Bizarro alikuwa mchezo mpya, basi alikwenda wapi? Alizikwa wapi? Hakuna kaburi kwa sababu hapakuwa na maiti.

Kampuni ya Disney nayo haijabaki nyuma. Katika bustani yake ya pili huko Anaheim, California, kuna gurudumu kubwa la kupanda watu, lenye vibanda 24. Vibanda 16 huteleza na kubembea humo ndani, na 8 vimetulia kwa ajili ya waoga kama mimi. Lilifunguliwa mwaka 2001 kwa jina la Sun Wheel, na uso wa jua katikati. Mwaka 2009 uso wa jua ukaondolewa, ukawekwa wa Mickey, na jina likawa Mickey's Fun Wheel. Mwaka 2018 eneo lile likakabidhiwa kwa wahusika wa filamu za Pixar, na gurudumu likaitwa Pixar Pal-A-Round. Majina 3 katika miaka 17. Kituko ni kwamba baada ya jina la tatu uso wa Mickey uliachwa pale pale, ingawa yeye si wa Pixar. Yaani safari hii hata kinyago hawakujisumbua kukibadili.

Lazima nitende haki hapa, maana hasira isiyopima humwumbua mwenyewe. Kuna majina yanayobadilika kwa ulazima. Mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair ilinunua bustani zilizokuwa zikiitwa kwa jina la Paramount, kwa dola bilioni 1.24, na majina ya filamu za Paramount hayakuwa yake kuyatumia milele. Hivyo pale Kings Island, Ohio, rolakosta ya mwaka 1993 iliyoitwa Top Gun ikawa Flight Deck mwaka 2008. Siwezi kumlaumu mtu kwa kushusha kibao ambacho hana haki nacho. Lakini mwaka 2014 jina likabadilishwa tena, safari hii bila sharti la mtu yeyote kunakojulikana, ikaitwa The Bat, yaani popo. Na hilo lilikuwa jina la rolakosta nyingine, iliyofunguliwa katika bustani hiyo hiyo mwaka 1981 ikashindwa, ikafungwa baada ya misimu michache tu kwa matatizo ya kiufundi. Kwa hiyo chuma cha mwaka 1993 kilivalishwa jina la marehemu. Ipo heshima fulani hapo ya kukumbuka historia, sikatai. Hata hivyo, mzee aliyerudi na wanawe kuwaonyesha "ile popo ya ujana wangu" aliwaonyesha kitu ambacho hakupata kukipanda.

Vivyo hivyo siiweki katika fungu hili kazi ya Disney juu ya Splash Mountain, ule mfereji wa maji wenye poromoko mwishoni, uliofunguliwa California mwaka 1989. Masimulizi yake yalitoka katika filamu ya mwaka 1946, Song of the South, ambayo ililaumiwa kwa muda mrefu kwa jinsi ilivyowaonyesha Wamarekani weusi baada ya utumwa. Mwaka 2024 ukafunguliwa upya Florida na California kwa jina la Tiana, binti mfalme mweusi wa filamu ya mwaka 2009. Mfereji ni ule ule na poromoko ni lile lile. Lakini wanasesere wote waliondolewa, muziki ukabadilishwa, masimulizi yakawa mengine, na sababu ikasemwa hadharani. Mtu anaweza kuupenda mchezo huo au kuuchukia, ila hawezi kusema hakuambiwa kilichobadilika.

Huo ndio mpaka wangu. Sipingi kubadili majina. Napinga neno "mpya".

Wapo watakaoniambia: mzee, jina nalo ni bidhaa. Nani asiyelijua hilo katika sisi tuliokulia pwani? Kanga mbili za maua yale yale na pindo lile lile huwa kanga mbili tofauti kabisa maneno yakibadilika. Mama hanunui kitambaa tu, ananunua neno la kumfikishia mtu ujumbe bila kufungua mdomo. Lakini muuza kanga hamlaghai mtu. Neno limechapwa pale, mnunuzi hulisoma kabla hajatoa senti, na neno hilo ndilo alilolifuata dukani. Sijaona mtu aliyesimama juani saa moja na nusu ili apande kibao.

Wengine, wenye elimu kunizidi, husema kwamba mchezo wa siku hizi ni hadithi: reli ni jukwaa tu, na jukwaa moja huchezewa tamthilia nyingi. Hoja hii ina sura nzuri mpaka uikague. Jukwaani wachezaji huja na maneno mapya, na mtazamaji huketi saa 2 akiwasikiliza. Kwenye rolakosta unapewa dakika 2, na muda mwingi macho umeyafumba. Waingereza walilijaribu jambo hili kwa bidii zaidi. Pale Alton Towers kulikuwa na rolakosta ya mwaka 2002 iitwayo Air, ambayo abiria huning'inia kifudifudi kama ndege. Mwaka 2016 ikaitwa Galactica, na abiria wakavalishwa miwani ya kuona ulimwengu wa kubuni, wajione wanaruka angani kati ya sayari. Hapo walau kulikuwa na kitu kimeongezwa, nami ningekubali kulipia. Baada ya miaka michache miwani ikaondolewa. Jina likabaki. Abiria aliyefuata aliruka juu ya reli ya Air, akiangalia majani ya Staffordshire, chini ya jina la sayari zisizokuwapo.

Najua sababu, wala si siri. Kusimamisha rolakosta mpya ni mamilioni mengi ya dola, na bustani inahitaji kila mwaka kuwa na la kutangaza, la sivyo watu watabaki nyumbani. Rangi na kibao ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Ningekuwa mhasibu ningeshauri hivyo hivyo. Lakini anayelipa tofauti ni nani? Mwenyeji mwenye tiketi ya mwaka mzima haumii, ataigundua hila wiki ya kwanza, atacheka, atakwenda kununua aiskrimu. Anayeumia ni yule anayekwenda mara moja kwa miaka miwili, mitatu, aliyekusanya dola moja moja, akaomba ruhusa kazini, akaendesha gari saa 4 na watoto wanagombana nyuma, kwa sababu bango limemwambia kuna kitu hajakiona. Katika foleni ile nyuma yetu alikuwapo mama mmoja amevaa sare ya kazi ya usafi, pengine ametoka zamu ya usiku, na wanawe wawili. Alikuwa akisinzia wima. Nilimfikiria yeye zaidi nilipokuwa nikiteremka na shingo yangu.

Ninachodai ni kidogo mno. Kwenye kila chombo cha kupanda watu iandikwe, chini ya jina lolote watakalopenda kukipa, mwaka ambao chuma kilisimamishwa na majina kiliyowahi kuwa nayo. Basi. Meli hufanyiwa hivyo katika daftari za usajili, na gari kuukuu hufuatwa na kadi yake hata likipakwa rangi ya dhahabu. Mtu akisoma "1999, zamani Medusa" na bado akataka kupanda, apande kwa raha zake. Wengi watapanda. Mimi mwenyewe ningepanda, maana ile kona ya kushoto, kusema kweli, ni kona nzuri.

Niliporudi nyumbani niliwaandikia wenye ile bustani yangu barua ya heshima nikiwauliza swali moja: reli hii ni ya mwaka gani? Baada ya majuma 6 nikajibiwa kwa karatasi nzuri, wakinishukuru kwa kuwa mmoja wa waliopanda katika msimu wa kwanza, na humo ndani wametia kuponi 2 za punguzo. Moja nilimpelekea mjukuu wangu. Akaniandikia kwamba mwaka ule hatakwenda, ila nimwambie kama wataipa jina jingine.